Miji Yetu na Watu Wake: Kericho ya Mvua na Majani

Juma lililopita niliahidi kwamba tutaliacha joto la kando ya ziwa na kupanda milimani. Leo basi tumefika Kericho. Yeyote aendaye huko kwa mara ya kwanza na achukue koti, wala asidanganywe na jua la asubuhi. Mbingu huwa safi kama sahani iliyooshwa. Lakini ipitapo saa saba mawingu huanza kukusanyika, haya yakitoka upande wa ziwa na yale yakitoka juu ya msitu wa Mau, na ifikapo saa tisa au saa kumi mvua imekwisha shuka. Wenyeji hawaikimbii. Husimama barazani mwa maduka wakizungumza habari zao mpaka ipite. Mimi niliikimbia, nikateleza nikaanguka matopeni karibu na soko, nao wakacheka kwa adabu, na kijana mmoja wa bodaboda akaniokotea kofia.

Mji huu umekaa juu, karibu futi 7,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ni ile ipendwayo na chai. Lakini pamoja na baridi na mvua, nchi ina adui mmoja asiyezoeleka, nayo ni mvua ya mawe. Hapana pahali pengi duniani panaponyesha mawe mara nyingi kama Kericho na jirani yake Nandi Hills. Jani likipigwa na mawe huchanika, na mti hukaa muda mrefu kabla ya kutoa chipukizi jipya. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu kupigana na mbingu zenyewe. Roketi zilirushwa mawinguni, na baadaye ndege zikatumwa kutia dawa katika mawingu ili mawe yasipate kukua. Mzee mmoja aliyekuwa mtoto siku zile aliniambia kwamba nyanya yake aliposikia mshindo wa kwanza aliwaficha mbuzi ndani ya nyumba, akidhani vita vimekuja. Mawe yangali yakinyesha hata leo.

Msomaji mmoja wa upande wa Litein aliniletea barua akitaka nieleze asili ya jina la Kericho. Ziko habari mbili. Wengine husema ni jina la mzee wa Kimasai, Ole Kericho, aliyekaa hapo zamani. Wengine husema latokana na neno la Kikipsigis, kerichek, maana yake dawa, kwa kuwa serikali ya wakoloni ilipojenga boma lake iliweka na nyumba ya kutolea dawa, na watu wakawa wakisema, “Naenda kwenye dawa.” Mimi naegemea habari hii ya pili. Mji huitwa kwa lile jambo ambalo watu huliendea.

Kabla ya boma, nchi hii yote ilikuwa malisho na mashamba ya wimbi ya Wakipsigis, watu wa ng'ombe. Wazungu wa kwanza waliwaita Walumbwa, jina wasilolipenda, na wakaliandika hata juu ya kituo cha reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani katika mwezi wa Desemba mwaka 1901, na kituo kile cha Lumbwa ndicho kilichokuwa mlango wa nchi, kwa maana mizigo yote ya Kericho ilishushwa pale na kuvutwa na magari ya ng'ombe kwa maili nyingi za matope. Leo kituo chaitwa Kipkelion. Mwaka 1905 serikali ilituma askari dhidi ya watu wa Sotik, wakauawa watu wengi na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Baada ya hapo njia ikawa wazi kwa walowezi.

Sasa nataka msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo ulipo mzizi wa mji. Baada ya vita kuu ya kwanza, serikali ya Uingereza ilikuwa na maofisa wengi waliojeruhiwa vitani, ikatafuta mahali pa kuwaweka. Mwaka 1919 ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili yao. Mabwana hao walipanda kitani, ule mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo, kwa sababu wakati wa vita bei yake ilikuwa imepanda sana. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, na shirika lao likaanguka pamoja nayo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakilisha ng'ombe juu yake. Iliuzwa, na katikati ya miaka ile ya 1920 makampuni mawili makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakaingia na mbegu za chai.

Chai yenyewe ilikuwa bado mgeni katika Kenya. Ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, miti michache tu, kama mtu ajaribuye ua bustanini. Lakini ni Kericho iliyoifanya kuwa mali ya nchi. Ukisimama leo juu ya kilima nje ya mji, utaona majani yamenyooka kama zulia lililokatwa kwa mkasi, yakishuka bondeni na kupanda tena upande wa pili, na katikati yake mikaratusi mirefu iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda. Ni pazuri kupita kiasi. Nilipomsifia mzee mmoja uzuri ule, yeye ambaye vijana humwita Bamong'o kwa heshima, alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, uzuri naujua. Lakini pale penye bati la kiwanda ndipo babu yangu alipokuwa na zizi.” Sikuwa na la kujibu.

Habari hiyo ya ardhi haijafungwa. Mwaka 1934 serikali ya wakoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa wale viongozi waitwao orkoik, ikawapeleka Gwassi kando ya ziwa, nchi ya joto, mbung'o na malaria. Wengi walifia huko. Waliobakia walirudishwa karibu na Uhuru, lakini wakakuta kwao hakuna nafasi, na wengi wao walibaki mjini Kericho bila ardhi ya kutosha. Katika mwaka 2021 wajumbe maalum wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 shauri lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wazee niliozungumza nao huhesabu miaka yao kwa vidole. Hawaogopi kushindwa kama wanavyoogopa kufa kabla ya kusikia jibu.

Makampuni yalihitaji mikono, na Wakipsigis wa siku zile walipenda ng'ombe wao kuliko kikapu cha chai. Basi wakaja Wakisii, Wajaluo na Waluhya, wakajaza kambi za mashambani. Zile nyumba za safu moja, zenye shule na zahanati na uwanja wa mpira, zimelea vizazi vitatu na vinne. Hivyo Kericho imekuwa mji ambao waweza kusikia lugha nne kabla ya kufika mwisho wa barabara, na Kiswahili ndicho kinachozifunga pamoja. Lakini kamba hiyo imewahi kukatika. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, watu waliozaliwa katika kambi hizo walifukuzwa na jirani zao, na wengine waliuawa. Wako waliorudi na wako wasiorudi. Msomaji wa Kericho anajua kwa nini silifupishi jambo hili kwa maneno matamu.

Wahindi nao walikuja mapema, wakafungua maduka. Kati yao Masingasinga ndio walioacha alama kubwa, kwa kuwa walikuwa mafundi wa mbao na chuma, na mashamba yalihitaji magari na mashine. Mmoja wao, Puran Singh, alikaa Kericho miaka mingi kwa kazi ya ufundi, kisha akahamia Uingereza, ambako aliongoza jumuiya kubwa ya dini yake hata alipofariki mwaka 1983. Na wafuasi wake hata leo humtaja kwa jina la mji huu. Gurudwara iliyojengwa mjini kwa kumbukumbu yake hupokea wageni kutoka nchi za mbali, nayo, kama ilivyo desturi ya dini hiyo, haimnyimi mtu yeyote chakula. Mimi nililishwa dengu na chapati, nikapewa na chai. Kwa upande wa Wakristo, kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu lilifunguliwa mwaka 2015. Paa lake kubwa la vigae limeinuka polepole kufuata mteremko wa kilima, na watu 1,500 huweza kukaa ndani. Walioenda kulitazama kwa ajili ya ujenzi tu hurudi wakizungumza juu ya mwanga wake.

Nirudi kwenye chai, maana katika Kericho kila mazungumzo hurudi huko. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na shamba la chai. Aliweza kuichuma, siyo kuipanda. Ilisemekana kwamba mkulima mdogo ataharibu sifa ya majani. Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwasimamia wakulima wadogo. Matokeo yake twayajua sote: leo wakulima wadogo ndio watoao zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Ukitoka Kericho kwenda Bomet utapita viwanda vyao, Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapset, na vingine. Hao ndio waliosemwa kwamba wataharibu sifa.

Nilishinda mchana mmoja kwenye kituo cha kununulia majani upande wa Bomet. Akina mama walikuwa wamefika tangu saa nane na magunia yao, wakitandaza majani ili yasipate moto na kubadilika rangi. Sharti ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu hutupwa. Karani hupima, huandika, hutoa karatasi. Mama mmoja aliniambia kwamba ameichuma chai ya boma lake kwa miaka kumi na tisa, lakini namba ya mkulima ni ya mumewe, na bonasi ya mwisho wa mwaka huingia katika akaunti ya mumewe. “Mimi najua uzito,” alisema, “yeye ndiye ajuaye bei.” Wanaume waliokuwapo walicheka. Mimi naliona kuwa neno zito kuliko gunia lake, na nawaomba wanaume wasomao ukurasa huu wawasomee wake zao kwa sauti.

Katika mashamba makubwa shaka ni nyingine. Mashine za kuchumia zimeingia, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwenye kampuni atakuambia mishahara imepanda na bei ya mnada wa Mombasa haipandi. Kijana wa kambini atakuambia kwamba mama yake alimsomesha kwa kikapu, na kikapu hicho sasa kimetundikwa ukutani. Mwezi wa Mei mwaka 2023 hasira ililipuka, mashine kadhaa zikatiwa moto. Siisifu njia hiyo, kwa kuwa mashine iliyoungua hairudishi kazi ya mtu. Lakini mji ambao kila duka lake, kuanzia muuza viatu hadi muuza maandazi, huishi kwa mshahara wa mchumaji, unayo haki ya kuuliza ni nani atakayenunua maandazi. Makampuni yenyewe nayo yamebadilika mikono. Katika mwaka 2023 na 2024 mashamba mengi ya zamani yalinunuliwa na kampuni ya Sri Lanka, na wafanya kazi wakasoma jina jipya langoni bila kuulizwa.

Si kila habari ni ya huzuni. Kituo cha utafiti wa chai cha Kericho, ambacho asili yake ni katikati ya karne iliyopita, kilitoa mwaka 2011 aina ya chai yenye majani ya zambarau, na wakulima kadhaa wameipanda. Wengine wanalalamika kwamba viwanda vya kuitengeneza ni vichache. Na nani atasahau kwamba medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika michezo ya Olimpiki ililetwa na mtu wa Kericho? Wilson Kiprugut Chumo alishika nafasi ya tatu katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya pili huko Mexico mwaka 1968. Alifariki mwaka 2022. Vijana niliowaona wakikimbia alfajiri kati ya mashamba, pumzi zao zikitoka kama moshi, hawakuzaliwa alipokuwa akikimbia, lakini wote walilijua jina lake.

Siku ile kule kituoni, lori la kuchukua majani lilichelewa. Saa kumi na mbili ikapita, giza likaingia, mvua ikaanza tena, nasi sote tukajibana chini ya paa moja pamoja na magunia. Yule mama wa miaka kumi na tisa alifungua chupa yake ya chai, akamimina katika kifuniko, akanipa mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni. Ilikuwa na maziwa mengi na sukari nyingi. Tulipoona taa za lori zikipanda mlima, wote waliinuka kwa pamoja, wakashika magunia yao.