Oili ya Kusi, Oili ya Kaskazi

Safu: UPEPO WA KUSINI
Na Saide Momade

Mtu wa Rongui mwenye gari halali nalo. Kisiwa kipo baharini, upande wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, na gari hulazwa bara, uani kwa jamaa au kwa fundi, mpaka mwenyewe avuke. Akivuka huliwasha, hupeleka samaki sokoni, hurudi na mchele na saruji hadi ufukweni, kisha hulizima wiki mbili tatu. Muulize mara ya mwisho kumwaga oili ilikuwa lini, atakujibu kwamba gari halijatembea sana.

Jibu hilo linaua injini nyingi. Oili huchoka kwa kazi, na huchoka pia kwa kukaa. Safari fupi haiipi injini joto la kutosha kukausha unyevu uliojikusanya ndani. Unyevu huo hukutana na masizi na mabaki ya dizeli isiyoungua, na mchanganyiko wake huzaa tindikali inayokula beringi polepole. Kwa hiyo gari linalosimama pwani mwaka mzima na oili ile ile halijapumzika. Linaliwa.

Kanuni ya mafundi kwa dizeli kuukuu inayobeba mizigo kwenye vumbi ni kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Tatizo ni kwamba kwenye magari yetu mengi mita ya kilomita ilikufa zamani, na nyingine ilirudishwa nyuma kabla gari halijatufikia. Basi tutumie kalenda tuliyonayo. Kusi huanza kuvuma mwezi wa nne hivi, kaskazi huingia kuelekea mwisho wa mwaka. Badilisha oili kila upepo unapogeuka, na nusu mwaka itakuwa imejihesabu yenyewe. Nahodha wa hapa hangoji jahazi livuje ndipo alikokote. Bamvua ikifika huliegemeza, hukwangua, hupaka mafuta ya sifa. Huyo huyo akishika usukani wa Hilux, husubiri taa nyekundu iwake.

Anayebeba abiria au mizigo kila siku asingoje upepo. Kilomita 5,000 kwake ni miezi miwili au mitatu tu, na kwa njia ya mchanga na vumbi hata 4,000 si mapema. Mwenye mita iliyokufa ahesabu safari anazozijua umbali wake.

Tuje kwenye gharama, maana hapo ndipo watu hukunja uso. Bei za dukani hupanda na kushuka, kwa hiyo tupime kwa dizeli. Hilux ya zamani ya injini ya 3L hunywa takriban lita 10 kwa kilomita 100. Katika kilomita 5,000 imekunywa lita 500. Injini yake hubeba oili kama lita sita. Tuseme lita moja ya oili inauzwa bei ya lita tano za dizeli, na filta yake bei ya lita kumi. Jumla ni sawa na lita 40 za dizeli, yaani asilimia 8 ya ulichokwisha kumwaga kwenye tangi bila kulalamika. Land Cruiser ya 1HZ hubeba oili inayokaribia lita kumi, lakini nayo hunywa dizeli zaidi, kwa hiyo uwiano haubadiliki sana. Linganisha na siku fundi atakapofungua injini: ringi, pistoni, beringi, kusaga krenki, na wiki kadhaa za kungoja spea kutoka Pemba au Mtwara huku gari haliingizi hata metikali moja.

Wapo wanaosema injini yao inakula oili, hivyo wanaongeza tu na inajibadilisha yenyewe. Kuongeza hakuondoi uchafu wala tindikali. Wengine huchomoa kijiti, wakaona oili nyeusi, wakadhani imeharibika. Oili ya dizeli hubadilika rangi upesi baada ya kuwekwa mpya, kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Rangi ya kuogopa ni ya maziwa, maana yake maji yameingia.

Usibadilishe oili ukaacha filta. Filta ikiziba, valvu yake hufunguka na kupitisha oili bila kuichuja ili injini isikose kulainishwa. Filta ya hewa ikaguliwe mara kwa mara msimu wa vumbi, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na ikitoboka itupwe. Filta ya dizeli ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaonunua mafuta ya mapipa na madumu yaliyopita kwenye boti. Fungua koki ya chini kila wiki utoe maji, kwani pampu ya dizeli haivumilii maji. Ukiwa umevuka madimbwi ya masika hadi ekseli ikazama, angalia na oili ya difu.

Yapo pia magari yaliyosimama si kwa hiari. Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, watu walikimbia kwa miguu na kwa boti, na magari yaliyosalimika yakabaki. Anayefufua gari la namna hiyo asianze na betri. Kwanza amwage oili ya zamani na kuweka filta mpya, atoe mafuta yaliyolala chini ya tangi, azungushe injini kwa mkono, na abadilishe oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu hata gari likiwa halitembei.

Oili chafu nayo isimwagwe mchangani. Visima vya pwani ni vifupi, na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kwenye ndoo. Iwekwe kwenye dumu irudi kwa fundi.

La mwisho ni la wenye magari ya abiria. Dereva huleta hesabu kila jioni, na siku ya servisi haina hesabu, kwa hiyo naye huiahirisha kwa kuwa anaogopa kuonekana mvivu. Kosa hapo si lake. Tengeni fedha ya oili na filta kabla ya kupokea hesabu, mpeni dereva siku moja ya gereji isiyodaiwa kitu, na tarehe iandikwe kwa rangi chini ya boneti ili kila fundi aione. Mwenye gari asiyefanya hivyo asimlaumu dereva injini ikifa.