Mheshimiwa Diwani, Hizo Lawama Zirudi Halmashauri

Mheshimiwa diwani anadai mafuriko ya Tandale na Kigogo, Dar es Salaam, yanaletwa na wananchi wasiojua usafi, na dawa yake ni elimu na faini. Sikubaliani naye hata kidogo. Mama wa uchochoroni Tandale, ambako gari la taka halipiti, hufunga taka kwenye kiroba na kungoja. Gari lisipoonekana wiki nzima, kiroba kinaoza na funza wanatambaa hadi mlangoni. Anamlipa kijana wa mkokoteni, naye anakwenda kuzimwaga Mto Ng'ombe, unaoziba na kufurika, maana dampo liko Pugu Kinyamwezi na mkokoteni haufiki Pugu. Hapo faini utamtoza nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Na wananchi hawajalala: wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi wa dampo la huko, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kumwaga taka palepale!

Diwani, peleka hoja kwenye baraza la madiwani: vizimba vya taka vijengwe karibu na vichochoro, na ratiba ya gari ibandikwe kila ofisi ya mtaa.