Saa 15 za Nani?

Uliza New York iko mbali kiasi gani na Nairobi, utajibiwa chapchap: karibu kilomita 11,800, saa 15 kwa ndege. Tangu Kenya Airways ianze safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, jibu hilo liko mdomoni mwa kila mtu. Unaondoka JKIA usiku, unavuka Sahara na Atlantiki, unashuka JFK asubuhi. Kwa kuwa saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 7 au 8, kalenda inakwambia umelala usiku mmoja tu. Swafi.

Lakini hizo saa 15 ni za nani?

Kurudi huchukua kama saa 14, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Tofauti hiyo ya saa moja tunaielewa. Iko nyingine ambayo matangazo ya tiketi hayaitaji.

Mmarekani anayekuja Nairobi hujaza fomu mtandaoni akiwa kitandani, analipa dola 30 hivi, chini ya shilingi 4,000, anangoja siku chache, anafunga begi. Mkenya anayeenda kutembea kwao analipa dola 185, zaidi ya shilingi 23,000, kabla hata ya kuonana na mtu. Halafu anangojea tarehe. Halafu anaenda Gigiri na bahasha nono: barua ya kazi, taarifa za benki, hati ya shamba la babu. Anasimama dirishani dakika chache. Akinyimwa, doh hairudi.

Si bahati mbaya, ni sheria. Kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamchukulia anayeomba viza ya kutembea au ya masomo kuwa anataka kuhamia, mpaka athibitishe vinginevyo. Yaani unaingia mle ndani kesi ishakulemea, kazi yako ni kujitetea.

Kuna wanaosema kila mtu ana haki ya kufunga mlango wake. Sawa, nani amebisha? Lakini mwenye nyumba hamtozi mtu pesa za kupiga hodi, akabaki nazo, kisha akamwonyesha kijikaratasi chenye nambari ya kifungu. Ati wengine wakienda hawarudi. Wapo, ndiyo. Ila huyu aliyenyimwa leo hajakawia popote. Hata JKIA hajafika.

Na ada, wanasema, ni ya kazi ya kukagua. Basi tuonyesheni hiyo kazi. Mwandikieni mtu sababu yake yeye, si ya kila mtu. Mrudishieni angalau nusu. Na serikali yetu, iliyolegeza mlango Januari 2024, iache kuona haya kudai heshima ileile kwa raia wake.

Sisi pia tuache kumcheka aliyenyimwa viza kana kwamba amefeli mtihani. Mama aliyekosa mahafali ya bintiye hakufeli kitu. Wala kaka aliyetazama mazishi ya nduguye kwa simu, maana maiti haingoji tarehe ya ubalozi.

Kwa hivyo mtu akikuambia New York ni saa 15, muulize kwanza: kwa pasipoti gani?