Chema nacho hujitembeza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa hayo si yote. Chema nacho kikikaa kwenye gunia, kitaoza. Shahidi wangu ni Ivan Tors.

Tors alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1916, akahamia Marekani na kuwa mtayarishaji wa filamu na televisheni. Vituo vikubwa vilipoukataa mfululizo wake kuhusu mpiga mbizi, Sea Hunt, hakufunga duka. Kuanzia mwaka 1958 kampuni ya Ziv iliuuza kwa kituo kimoja kimoja, mji kwa mji, hadi vikatoka vipindi 155. Kisha zikaja hadithi za wanyama, akianza na pomboo Flipper katika filamu ya mwaka 1963.

Hadi hapo nampa heko. Lakini mwaka 1966 alitia mkono katika kapu letu. Alitoa mfululizo ulioitwa Daktari, kuhusu daktari wa wanyama hapa Afrika Mashariki. Jina lilikuwa Kiswahili, ila simba Clarence na sokwe Judy walipigwa picha California, kwenye shamba lililoitwa Africa USA. Mwafrika Mike aliigizwa na Mmarekani, Hari Rhodes. Kituo cha wanyama kiliitwa Wameru, wakati kwetu Wameru ni watu, wenye migomba yao na wazee wao. Mzigo huo uliuzika hadi mwaka 1969, vipindi 89, ukafika hata Uingereza na Ujerumani.

Sina ugomvi na Tors, aliyefariki mwaka 1983. Alikuwa mchuuzi hodari. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe. Kiswahili ndicho tunachopatania bei kila siku mpakani, lakini wa mbali ndiye aliyekifanya chapa ya bidhaa yake.

Ninyi mliorejea nyumbani mmebeba habari za miaka mingi ya ugenini, kambi na safari ambazo hakuna mtu wa California anayeweza kuzibuni. Zisimulieni kwa Kiswahili. Wakubwa wakizikataa, zipelekeni redio moja moja, soko kwa soko, kama alivyofanya yeye. Tukikaa kimya, mwingine atabandika jina letu kwenye gunia lake, nasi tutalinunua.