Kamati ya maafa isisubiri magodoro
UPEPO WA PWANI, na Mwanahawa Shomari

Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Kikavuka maji hadi Bagamoyo na kuangusha majengo ya misheni ya Wakatoliki, iliyokuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1952, kingine kikatua Lindi.

Bado pwani hii wapo wanaoshikilia kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Hawakosi hoja. Karibu na ikweta vimbunga ni nadra, na Aprili 2021 Jobo, baada ya kutangazwa kwa siku kadhaa, alififia kabla ya kufika nchi kavu, mzaha ukatawala mitandaoni. Mei 2024 akaja Hidaya: boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama, barabara ya kusini ikakatika Somanga.

Kaole, jirani na mji wa Bagamoyo, ina ngao yake. Mikoko iliyoota kwenye tope ndiyo inayotajwa kuifunga bandari ya kale, biashara ikahamia Bagamoyo. Leo imesimama kati ya bahari na magofu ya misikiti na makaburi. Maji yakitoka, mtu akiingia humo huzama hadi magotini huku akiruka mizizi iliyojipinda juu ya tope. Maji yakijaa, wimbi hupita humohumo na kuvunjwa nguvu. Watafiti wamepima: mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea aina ya miti na ilivyosongamana.

Lakini mkoko mnyoofu ni boriti, na boriti ni hela ya leo. Kuukata bila kibali ni kosa, na Wakala wa Huduma za Misitu ana askari wake, ila hawawezi kukesha kwenye kila kijito. Wa kukesha ni wenyeji, kama wana sababu na nauli.

Chombo cha kuwaunganisha wenyeji hao kipo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeshusha kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tatizo ni kwamba nyingi husikika maji yakishaingia ndani, zikiorodhesha wanaohitaji unga na magodoro. Kazi yenyewe iko kabla: tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe kwa kipaza sauti cha msikiti, maana nahodha anayeshuka pwani alfajiri hashindi mtandaoni, ijulikane bibi gani hawezi kutembea na bodaboda ipi itamchukua, ngalawa zijue zitavutwa wapi.

Hayo hayahitaji mfadhili. Madiwani wa Bagamoyo wazipe kamati hizo fungu lao, hata dogo, katika bajeti ya halmashauri, na wananchi waliulizie mkutanoni. Fungu hilo lifike kabla ya Machi, masika yanapoanza.