Mvua ya Itumbe Hainywi Mtu Akashiba

Mwambie mtu wa Itumbe anywe maji, atakucheka. Maji ni ya watu wa Turkana na Mombasa, atakwambia. Huku Kisii na Nyamira mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, vijito havikauki, kiu itoke wapi?

Kiu haitoki, na hapo ndipo penye hatari. Baridi ikiuma, mishipa ya ngozini hujibana na damu hukimbilia ndani ya mwili. Ubongo unadhani maji yamezidi: unapunguza kiu, na figo zinayamwaga. Ndiyo maana usiku wa baridi unatoka nje kukojoa mara kwa mara, halafu asubuhi huna hamu hata ya glasi moja.

Mtazame sasa mama anayechuma chai. Umande haujakauka, naye amejifunga nailoni kutoka kifuani hadi chini ya magoti asilowe. Chini ya nailoni hiyo anatoka jasho lisilo na pa kukaukia, kwa hiyo halimpoozi, na mwili unazidi kulitoa. Ukimwona utadhani ni umande tu. Na kuna jambo ambalo sisi wanaume hatulitaji mikutanoni: wako akina mama wanaojinyima maji makusudi tangu alfajiri, kwa sababu katikati ya michai hakuna choo. Jioni kichwa kinamgonga mama wa namna hiyo, mkojo una rangi ya strungi, naye anameza dawa ya maumivu na kusema malaria imemrudia.

Wengine hutupia chai lawama, eti inakausha mwili. Huo ni uzushi. Vikombe viwili vitatu vya chai huingiza maji mengi kuliko yanayotolewa na kafeini iliyomo. Mwizi halisi ni chang'aa, inayozima homoni ya kuziambia figo zizuie maji. Lakini huyo ana marafiki wengi, hashtakiwi.

Na wazee? Umri ukisonga, kiu hufifia. Mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza anapoteza maji ambayo mwili wake haumkumbushi kuyarudisha. Akianza kuropoka au kupepesuka, familia inasema ni uzee. Huenda ni uzee kweli, lakini mlimpa nini cha kunywa tangu asubuhi? "Hakutaka" si jibu. Apewe uji mwepesi, apewe chai, apewe maji ya vuguvugu kama ya baridi yanamsumbua meno.

Kila mwaka wakulima wa chai hupaza sauti kuhusu bonasi, na wana haki. Ila sijasikia aliyesimama kudai choo na tangi la maji safi ya kunywa katika kila kituo cha kununulia majani, pale akina mama wanaposubiri lori na vikapu vyao hadi giza linaingia. Bonasi ikijadiliwa tena, dai hilo liwe la kwanza kwenye ajenda, na alisome mwanamume.