Habari za Waendao Kazi Ng'ambo Ziwafikie Wote

Hapana shaka wasomaji wetu wengi wanamjua mtu, wa nyumbani au wa jirani, aliyekwenda Maskati au Dubai kutafuta kazi. Safari hizi si mpya. Watu wa mwambao wetu na watu wa Omani wameendeana tangu zamani, na hata leo Kiswahili husemwa katika nyumba nyingi za Maskati. Lililo jipya ni namna ya safari yenyewe. Binti wa Tanga au wa Pemba huitwa na dalali kwa simu, hupelekewa viza na tikiti kwa simu, na mkataba wake huusoma, kama akiusoma, katika simu hiyo hiyo. Kwa hiyo maelezo ya Serikali nayo hayana budi kumfikia kwa njia hiyo, tena yamfikie kabla ya dalali.

Hatusemi haya kwa kubuni. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na katika Falme za Kiarabu. Walieleza habari za kunyang'anywa pasi, za kazi isiyokuwa na siku ya mapumziko, na za mshahara uliopungua ule walioahidiwa au usiolipwa kabisa. Mtu aliyejua mapema kwamba pasi yake ni mali asiyopaswa kumkabidhi tajiri, na aliyejua pa kupiga mbio siku mambo yakiharibika, angalau anayo silaha moja mkononi.

Mwezi wa Desemba 2018, mjini Marrakech, mataifa yalipitisha Mapatano ya Dunia juu ya uhamaji ulio salama na wa utaratibu. Mapatano hayo si sheria ya kuifunga nchi, lakini lengo lake la 3 lasema wazi kwamba inafaa kila nchi ifungue tovuti moja ya taifa, ambamo umma utapata habari za viza, vibali vya kazi na ada. Kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Uhamiaji ni jambo la Muungano, na pasi hutoka huko. Kazi si jambo la Muungano. Bara ina sheria yake na Zanzibar ina yake. Ubalozi wetu wa Maskati uko chini ya Mambo ya Nje. Mtu wa Pemba apitaye Dar es Salaam kwenda Omani hana budi kubisha milango mitatu, na kila mlango una karatasi zake. Sisi twaunga mkono mlango uwe mmoja.

Lakini twauliza: mlango huo utamfungukia nani?

Wako watakaosema kwamba asiyeona au kiziwi haendi ng'ambo kufanya kazi ya nyumbani, basi kwa nini tujisumbue? Neno hilo si la kweli, maana viziwi husafiri na kufanya kazi kama watu wengine. Tena ni neno la mtu asiyejua jinsi safari hizi zinavyofanyika. Asafiriye ni mmoja, lakini wanaozitafuta habari ni nyumba nzima. Baba aliyepofuka ndiye anayeombwa ridhaa binti asafiri. Mama asiyejua kusoma ndiye anayekaa miezi miwili bila kupigiwa simu, akawa hajui pa kuuliza. Na yule aliyerudi na mkono uliovunjika, au macho yaliyoharibika, ndiye mwenye madai ya kufuatilia. Hao wote ni wenye haja na tovuti hiyo, na pengine haja yao yaipita ya msafiri mwenyewe.

Watu wasioona leo hutumia simu kwa msaada wa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo husoma herufi. Picha haiwezi kuisoma kwa uhakika, na mara nyingi hutamka tu kwamba hapa pana picha. Sasa tazama desturi ya ofisi nyingi. Tangazo huandikwa kwa mashine, huchapwa, hutiwa saini na muhuri, kisha hupigwa picha, na picha hiyo ndiyo huwekwa katika tovuti. Muhuri wapendeza, twakubali. Ila kama tangazo lenyewe ni orodha ya mawakala wenye leseni, basi kwa asiyeona orodha hiyo ni ukurasa mtupu. Wala hasara si yake peke yake, kwa kuwa picha hiyo ni nzito, nayo humaliza bando la mwenye kuona pia.

Rangi nazo zina neno. Kanuni zinazofuatwa duniani hutaka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na karatasi yake isipungue 4.5 kwa 1. Herufi za kijivu juu ya weupe, ambazo mafundi wa siku hizi wanazipenda sana, huwatesa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi wao macho yao ni dhaifu. Filamu ya mafunzo isiyo na maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama haimfai kiziwi. Namba ya simu ya kuomba msaada nayo haimfai, isipokuwa iwe inapokea ujumbe wa maandishi vilevile.

Kisha iko lugha. Kuandika kwa Kiswahili ni jambo la kwanza, lakini Kiswahili cha masjala si Kiswahili cha watu. Kuna haja gani ya kuandika kwamba "mwajiriwa atawajibika kuhakikisha uhifadhi wa nyaraka zake za utambulisho," hali ingetosha kusema, "Pasi yako ikae kwako, tajiri asikuwekee"? Mama yule asiyejua kusoma naye asomewe, kwa sauti iliyorekodiwa, kwa maneno hayo hayo mepesi.

Wengine wamekwisha kulifanya jambo hili. Nchi ya Ufini inayo tovuti ya InfoFinland, inayotunzwa na jiji la Helsinki, ambayo huwaeleza wageni mambo ya kazi, nyumba na matibabu kwa lugha zaidi ya 10, Kisomali na Kiarabu zikiwamo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2019, iliyotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 2016, huilazimisha kila ofisi ya umma kutangaza katika tovuti yake ni sehemu gani bado haziwafai watu wenye ulemavu. Mwananchi akilalamika, ofisi hujibu katika siku 14. Isipojibu, kipo chombo cha kuisimamia. Sisi tunalipenda hasa hilo la tangazo. Ofisi inayolazimika kuutangaza upungufu wake haiwezi kukaa nao miaka kumi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 yaitaja intaneti kwa jina. Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo hatuombi fadhila.

Twazitaka wizara zinazohusika, za Bara na za Zanzibar, zikae pamoja na zitoe kwanza orodha ya mawakala wenye leseni kwa maandishi yanayosomeka kwa sauti, si kwa picha. Na kabla tovuti yoyote ya wasafiri haijazinduliwa kwa hotuba, wapewe kuijaribu watu wanne: asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, na mzee wa kijijini mwenye simu ya bei rahisi. Kila mmoja aambiwe atafute jina la wakala mmoja na njia ya kuufikia ubalozi wa Maskati. Akishindwa mmoja wao, hotuba ingoje.